Maumivu sugu na ukungu wa kichwani: mwongozo kamili wa kuirudisha akili mahali pake

Umeingia chumbani, umesimama katikati, na hukumbuki ulichofuata. Umesoma aya ile ile mara tatu na bado hujui inasema nini. Mtu amekueleza jambo, umeitikia kwa kichwa, na baada ya dakika kumi unamuuliza upya kana kwamba hakusema kitu. Ikiwa haya yanakutokea na mwili wako una maumivu yasiyoisha, ya mgongo, nyonga, viungo, kichwa au mwili mzima, huenda umeshajiuliza swali ambalo wengi hulimeza kimya: je, akili yangu inaharibika?

Mimi nimeishi na mgongo unaouma kwa miaka mingi. Siku moja nilikwenda kwa daktari mahsusi kumweleza kwamba nasahau. Tuliongea nusu saa nzima habari za mgongo, na nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba la kusahau sikulitaja. Leo nacheka. Siku ile sikucheka hata kidogo.

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Ndivyo yanavyotambuliwa katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Ukungu wa kichwani nao si uvivu wala visingizio. Watafiti wameupima kwa watu wenye maumivu ya mgongo, fibromaialjia (ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima), baridi yabisi na kipandauso, na mara nyingi kinachoonekana kulegea ni umakini, kumbukumbu ya muda mfupi na wepesi wa kuhama kutoka jambo moja hadi jingine.

Kabla ya hatua yoyote: hukusahau, hukuhifadhi

Ukilielewa hili moja, mengine yote yatajipanga.

Maumivu ni king'ora. Kazi yake ni kukukatiza ulichokuwa ukifanya ili uokoe mwili. King'ora kinapolia mara moja ukaondoa mkono kwenye moto, kimekusaidia. Kinapolia mchana na usiku kwa miaka, ubongo unaendelea kugeuza shingo kila mara, hata pale wewe mwenyewe unapodhani umeshakizoea. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia maumivu, hasa zile za mbele nyuma ya paji la uso na zile za katikati zinazoamua jambo gani lipewe uzito, ndizo hizo hizo unazozihitaji kusoma barua, kupiga hesabu au kufuata maelekezo.

Na nafasi yenyewe ni finyu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba mtu anaweza kushika akilini vitu kama 7 kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan alionyesha kwamba idadi halisi inakaribia 4. Fikiria meza yenye viti vinne, na mgeni mmoja asiyeondoka amekalia kimoja. Siku mbaya anakalia viwili. Jina ulilotajiwa linapofika, halina pa kukaa. Halikupotea kutoka kwenye kumbukumbu, kwa sababu halikuwahi kuingia.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa matibabu. Kama tatizo lingekuwa ghala limevunjika, tungelia. Lakini tatizo likiwa mlangoni, kuna mengi ya kufanya mlangoni. Unaweza hata kujipima: mtu akikupa kidokezo, jambo linarudi? Akisema "yule aliyevaa shati jekundu", unasema "ahaa"? Hiyo ni dalili nzuri. Katika magonjwa ya kusahau kama Alzheimer, mara nyingi kidokezo hakisaidii sana, maana kisa chenyewe kimefutika.

Je, ubongo hubadilika? Ndiyo. Picha za ubongo za watu wenye maumivu ya muda mrefu zimeonyesha baadhi ya sehemu zikiwa zimepungua unene. Habari hiyo huwatisha watu, lakini nusu yake ya pili haisambai kwa kasi ile ile: utafiti uliochapishwa 2009 kwa watu waliobadilishiwa nyonga, na mwingine wa 2011 kwa watu waliotibiwa maumivu ya mgongo, ulikuta sehemu hizo zikirudi kunenepa maumivu yalipopungua. Sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, hivyo niseme na upande wa pili: uchunguzi wa Marekani wa 2017 uliofuatilia wazee zaidi ya 10,000 ulikuta kwamba wenye maumivu ya kudumu kumbukumbu zao zilishuka kwa kasi kubwa kidogo kuliko za wenzao. Haikuthibitika kwamba maumivu ndiyo chanzo. Ila ni sababu tosha ya kutokaa tu na kusema "nitazoea".

Hatua ya 1: Ondoa hatari kwanza

Ukungu wa maumivu huja polepole na hupanda na kushuka. Yafuatayo si ukungu, na hayasubiri daftari wala mwongozo. Nenda hospitali mara moja: kuchanganyikiwa kwa ghafla, maneno kukwama, uso kuinama upande mmoja, mkono au mguu kuishiwa nguvu, homa yenye shingo kukakamaa, au kichwa kuuma kwa ukali ambao hujawahi kuupata. Kwa mwenye maumivu ya mgongo, ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, ni dharura.

Muone daktari karibuni pia iwapo unapotea kwenye njia uliyoizoea, unashindwa kazi ambazo umezifanya maisha yako yote, au walio karibu nawe wana wasiwasi kuliko wewe mwenyewe. Hilo la mwisho lizingatie. Mwenye ukungu wa maumivu kwa kawaida ndiye analalamika wa kwanza.

Hatua ya 2: Daftari la siku 14

Usibadilishe kitu bado. Chukua daftari dogo, na mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, andika: maumivu kutoka 0 hadi 10, akili kutoka 0 (ukungu mzito) hadi 10 (safi), dawa ulizomeza na saa. Asubuhi ongeza saa ulizolala na mara ulizoamka. Basi. Isizidi dakika mbili. Nasisitiza ufupi kwa sababu kujipima maumivu kila saa ni kumlisha yule mgeni mezani.

Siku ya 15 kaa na daftari lako na kalamu ya rangi. Unatafuta ukungu unamfuata nani. Ukipanda pamoja na maumivu, mkosaji mkuu ni maumivu yenyewe. Ukija saa moja hadi tatu baada ya kidonge fulani, umempata mwingine. Ukifuata usiku mbovu bila kujali maumivu ya mchana, twende kwenye usingizi. Na ukiwa upo tu, sawasawa kila siku, bila kufuata chochote, basi hatua ya 5 ndiyo yako. Wengi hukuta wakosaji wawili au watatu wakishirikiana. Kwangu walikuwa usingizi na kidonge cha usiku, wakati mimi nilishaushtaki mgongo peke yake.

Hatua ya 3: Kagua dawa, zote

Hapa ndipo watu wengi hupata nafuu ya haraka, na hapa pia ndipo watu hujiumiza kwa pupa.

Weka mezani kila unachomeza: za daktari, za kununua dukani, za mafua, za usingizi, za mitishamba. Zinazojulikana kuleta ukungu ni hizi:

- Opioidi, yaani dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodeini na mofini. Usingizi, uzito wa kichwa, mawazo ya polepole. Zikitumika muda mrefu zinaweza hata kuufanya mwili uhisi maumivu kwa wepesi zaidi.
- Gabapentini na pregabalini, za maumivu ya neva. Kizunguzungu na kukosa maneno. Hutolewa na figo, kwa hiyo mwenye figo dhaifu huzidiwa na dozi ambayo kwa mwingine ni ya kawaida.
- Amitriptilini, dawa ya sonona ambayo hutolewa pia kwa maumivu. Huizuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kujifunza na kukumbuka. Kinywa kikavu na choo kigumu ni ishara kwamba kazi hiyo ya kuzuia inaendelea.
- Topiramati, inayotolewa kuzuia kipandauso. Hii inajulikana hasa kwa kuficha maneno: unaiona sufuria, jina lake halitoki.
- Diazepamu na jamaa zake, za kutuliza wasiwasi, pamoja na dawa za kulegeza misuli.
- Dawa za mzio na mafua zenye klorofeniramini au difenhidramini. Watu hawazihesabu kuwa dawa, kwa sababu wamezinunua bila cheti.

Moja peke yake unaweza kuistahimili. Tatu kwa pamoja, halafu pombe jioni, hapo akili haina pa kupumulia. Opioidi zikichanganywa na dawa za usingizi au pombe zinaweza kusimamisha pumzi, na hilo ni kubwa kuliko ukungu.

Sasa onyo. Usikate dawa ghafla. Opioidi, pregabalini, gabapentini, diazepamu na amitriptilini zote hupunguzwa kidogo kidogo chini ya usimamizi. Kukatishwa ghafla kwa baadhi yake kunaweza kuleta degedege. Na kumbuka upande wa pili wa mizani: dawa inayokupunguzia maumivu inaweza pia kukuachia kiti kimoja mezani. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "niache?" bali hili, na liandike kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani: "Daktari, nimeandika kwa wiki mbili. Akili yangu hushuka baada ya dawa hii, saa hizi. Je, tunaweza kupunguza dozi, kubadilisha saa ya kumeza, au kujaribu nyingine? Nitajuaje kama imesaidia?" Mara nyingine kusogeza kidonge cha usiku mapema kwa saa mbili kunatosha kuiokoa asubuhi. Mfamasia naye muulize. Watu wengi hupita mbele yake kama muuza duka, kumbe mchanganyiko wa dawa ndio fani yake.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu ukapata nafuu, hujui cha kushukuru; ukizidiwa, hujui cha kulaumu.

Hatua ya 4: Usingizi

Ubongo hupanga kumbukumbu za mchana wakati wa usingizi. Usiku mbovu huongeza maumivu ya kesho yake, na maumivu ya kesho huharibu usiku unaofuata. Mduara huu unakatika kwa urahisi zaidi upande wa usingizi kuliko upande wa maumivu, na ndiyo maana naupa uzito.

Anza na saa ya kuamka. Iwe moja, kila siku, hata baada ya usiku wa tabu. Kitanda kiwe cha kulala. Ukikaa macho kama dakika 20, ondoka, kaa penye mwanga hafifu, rudi usingizi unapokuja. Ukilala mchana, isizidi dakika 30 na isiwe alasiri. Kahawa na chai nzito ziishie mchana, kwa sababu saa tano au sita baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kwa maumivu yenyewe: mto kati ya magoti kwa anayelala ubavu, chini ya magoti kwa anayelala chali, na muulize daktari kama dozi ya mwisho inaweza kupangwa ili ifanye kazi usiku.

Kama haitoshi, kuna tiba ya mazungumzo na tabia iliyotengenezwa kwa ajili ya kukosa usingizi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani (American College of Physicians) kiliipendekeza iwe tiba ya kwanza kabla ya vidonge kwa watu wazima wenye tatizo hilo la kudumu. Na kama unakoroma sana, au mwenzako anasema pumzi hukatika usingizini, hilo ni jambo la kupimwa, hasa ukiwa unameza opioidi. Hakuna mto wala ratiba itakayoliponya.

Hatua ya 5: Wezi wasiotajwa

Omba vipimo vya kawaida: damu kwa ajili ya upungufu wa damu, tezi ya thairoidi, sukari, vitamini B12, figo. Metformini, dawa ya kisukari, na dawa za asidi ya tumbo kama omeprazoli zikitumiwa miaka mingi zinaweza kushusha B12, na upungufu wa B12 huleta ganzi, maumivu ya neva na kusahau, kwa hiyo unaweza kuwa unaudhani ugonjwa mwingine.

Kisha sonona, ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa kwa muda mrefu. Sonona na maumivu sugu huenda pamoja mara nyingi mno, na sonona peke yake hupunguza kasi ya kufikiri. Si lazima ulie ndipo uitwe mgonjwa. Kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda kwa zaidi ya wiki mbili kunatosha kumwambia daktari. Ukipata mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii na utafute msaada wa haraka.

Hatua ya 6: Punguza kuruka na kuanguka

Unaujua mtindo huu: siku nzuri unafanya kazi za wiki nzima, halafu siku tatu kitandani, mwili umezimika na akili imezimika. Dawa yake ni kupima, na ni hesabu nyepesi.

Chagua kazi moja, mfano kukaa kwenye kompyuta. Kwa siku tatu, andika dakika ulizoweza kabla maumivu hayajapanda. Tuseme 40, 20 na 30. Wastani ni 30. Toa sehemu ya tano, unabaki na 24. Hizo dakika 24 ndizo kipimo chako: unasimama zikifika hata ukijisikia vizuri (hapa ndipo pagumu), unapumzika, unarudi. Baada ya wiki ya utulivu, ongeza dakika 2 au 3. Siku mbaya usishuke hadi sifuri, fanya kidogo.

Tumia hesabu ile ile kwa kazi za akili. Kusoma mkataba, kujaza fomu, kikao kirefu: hizo nazo huchosha mwili wenye maumivu. Daftari lako la hatua ya 2 limeshakuonyesha saa zako safi. Zilinde. Kama ni saa nne hadi saa sita asubuhi, usizitumie kufua.

Hatua ya 7: Simamia mlangoni

Kwa kuwa tatizo liko kwenye kuingiza, mbinu zote zinaelekea huko.

Funguo, miwani na simu viwe na mahali pamoja tu, si "hapa au pale". Unapozima jiko au kufunga mlango, sema kwa sauti: "Nimezima jiko." Utaonekana kichekesho. Lakini sauti yako inalazimisha umakini ukae pale kwa sekunde mbili, na sekunde mbili ndizo zilizokosekana. Mtu akikutajia jina, lirudie mbele yake. Akikupa maelekezo, mrudishie kwa maneno yako. Utajua papo hapo kama yameingia.

Daftari liwe moja. Watu wenye karatasi sita, simu yenye kumbusho arobaini na kalenda ukutani hawana kumbukumbu ya ziada, wana msitu. Kila asubuhi andika mambo matatu tu ya siku hiyo. Mipango ifunge kwenye tukio: badala ya "nitameza dawa mchana", sema "nikimaliza kula, kabla sijaosha sahani, nameza dawa". Kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku saba huondoa swali la "nilimeza au sikumeza?", ambalo kwa opioidi ni swali la hatari.

Fanya jambo moja kwa wakati. Zima redio unaposoma. Kelele nayo inataka kiti.

Kuhusu michezo ya simu inayodai kunoa ubongo: ukiucheza mchezo, utakuwa hodari wa mchezo huo. Ukiupenda, cheza. Usitegemee utakukumbusha funguo, na usilipie vidonge vya "kuongeza akili" kabla hujamaliza hatua ya 3.

Hatua ya 8: Mwili utembee

Mazoezi hupunguza maumivu ya aina nyingi, huboresha usingizi na hisia, na huusaidia ubongo moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani kwa mtu mzima. Usianzie hapo. Anzia kwenye kipimo chako cha hatua ya 6, hata kama ni dakika nne za kutembea. Kuuma kidogo zaidi baada ya zoezi jipya hakumaanishi umejijeruhi. Kukiisha ndani ya siku moja, uko sawa. Kukidumu, punguza. Mtaalamu wa fiziotherapia atakupangia vizuri kuliko video yoyote.

Kwa mnaoishi na mgonjwa

Toeni jambo moja kwa wakati, na mtazame usoni kwanza. Msimpe ujumbe akiwa anainuka kitini, maana wakati huo maumivu ndiyo yanaongea. Acheni "nilikwambia jana". Kwake, jana hiyo haikufika.

Baada ya wiki 8

Rudia daftari kwa siku 14, kwa mtindo ule ule, na ulinganishe na la kwanza. Namba ya akili ikiwa imepanda hata kwa alama mbili, endelea na ulichobadilisha, ongeza kimoja. Ikiwa haikusogea, au imeshuka, omba upimwe kumbukumbu rasmi. Kipimo kimojawapo kinachotumika sana, MoCA, kina alama 30, na 26 kwenda juu kwa kawaida huhesabiwa kuwa sawa, ingawa elimu na lugha ya mtu huathiri matokeo. Nenda na mtu anayekujua. Kabla hamjaanza, mwambie anayepima maumivu yako ni ngapi kwa 10 wakati huo, ulilala saa ngapi, na ulimeza nini saa ngapi, aandike juu ya karatasi. Ukiwa na maumivu 8 siku hiyo, muombe tarehe nyingine.